Mtu Mzima Kwenye Benchi la Watoto

Ikiwa umeketi mahali pa kungojea daktari, na kila anayeingia anakuuliza mtoto mgonjwa yuko wapi, na mgonjwa ni wewe mwenyewe, basi haya nimekuandikia wewe.

Jina langu ni Zaituni. Nimezaliwa Majengo, Thika, katika nyumba ya watu waliotoka kila upande: babu alikuja kutoka Tanganyika, bibi alikuwa Mkikuyu aliyesilimu. Niliolewa Ruiru na Rajabu, muuzaji wa viatu vya mitumba sokoni, na tuna binti mmoja, Saida. Nilipoanza kuzunguka kwa madaktari nilikuwa nimeshapita miaka thelathini na Saida alikuwa ndio anaanza shule. Mambo ya ubongo sitayaandika kwa sababu siyajui. Nitaandika niliyopitia tu.

Miaka hiyo ya mwanzo wa tisini nilikuwa kwenye kiwanda cha nguo pale Thika, chumba cha kukagua vitambaa. Kitambaa kinapita juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, nawe unatafuta uzi uliokatika, unaweka alama ya chaki. Tulikuwa wanawake wachache na chumba kilikuwa kimya. Mkabala nami alikaa Wanjiru. Yeye aliongea kutwa nzima, mimi nilisikiliza, na hakuwahi kukasirika kwa kuwa sikumjibu. Niliipenda sana kazi ile.

Kisha biashara ikaharibika. Mitumba ilijaa kila mahali, watu wakaacha kununua vitambaa vipya (Rajabu hakupenda nilitaje hilo mezani), kiwanda kikaanza kupunguza watu. Chumba chetu kikafungwa. Wanjiru akaachishwa kazi, mimi nikahamishiwa ukumbi wa mashine za kufuma.

Sijui niueleze vipi ule ukumbi. Wenzangu walisema kuna kelele, wakaweka pamba masikioni, wakaendelea. Mimi ile kelele niliisikia kwenye meno. Niliisikia kwenye ngozi. Nikirudi nyumbani siwezi kumruhusu Saida anishike mkono. Kabla mwezi haujaisha, siku moja mchana, walinikuta nimejikunja nyuma ya marobota ya nguo, nimejifunika kichwa kwa kitambaa, na nikiulizwa jina sisemi. Nilikuwa nawasikia wote. Maneno nilikuwa nayo kichwani, ila njia ya kutokea haikuwepo. Sauti ilinirudia jioni, nikiwa kitandani kwangu, Rajabu ameketi sakafuni kando.

"Ulikuwa umeenda wapi?" akaniuliza.

"Nilikuwa hapo hapo," nikamwambia.

Sikurudi tena kiwandani.

Mama mkwe wangu aliishi Kiuu, karibu kabisa nasi, na mashtaka yake dhidi yangu yalianza siku ya harusi. Kwamba simtazami mtu machoni. Kwamba wageni wakija natorokea jikoni. Kwamba kwenye matanga ya dada yake, wanawake walipoanza kulia, nilitoka nje nikaziba masikio kama mtu aliyechukizwa. "Huyo msichana ana maringo," alimwambia Rajabu mbele yangu. Rajabu alimjibu vilevile kila mara: "Mama, ndivyo alivyo." Miaka yote nilidhani jibu hilo linatosha.

Tulianzia kwenye zahanati. Wakanipima presha, wakasema ni mawazo, nipumzike. Mama yangu akanipeleka kwa maalim wa Majengo, mzee mpole aliyenisomea kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ilinituliza siku kadhaa. Simcheki mtu aendaye huko. Kisha Rajabu akasikia habari za hospitali moja yenye kliniki ya wagonjwa wa akili, tukaenda.

Benchi la pale lilikuwa refu, limefuata ukuta mzima, na watu walisogea makalio kwa makalio kila jina lilipoitwa. Harufu ya dawa ya sakafu, mtoto analia, redio ya mlinzi, taa ya juu inayopepesa. Nilipofika kwa daktari nilikuwa nimekwisha. Alikuwa kijana, amechoka, nje kumejaa watu. Akaniuliza, "Unasikia sauti ambazo wengine hawasikii?"

Nikafikiria vizuri, nikasema, "Ndiyo."

Ilikuwa kweli. Nasikia taa inavyolia. Nasikia bomba la maji la ploti ya jirani. Rajabu hayasikii hayo. Nimeulizwa swali, nikalijibu jinsi lilivyoulizwa. Daktari akaandika, nikatoka na dawa.

Namsamehe, na naomba nawe umsamehe. Ningekuwa yeye, na jibu ndilo hilo, ningeandika yaleyale.

Hiyo ilikuwa baridi ya Julai. Dawa zile zinawasaidia wagonjwa wengi, nimewaona kwa macho yangu. Kwangu zilishuka kama blanketi lililoloa maji. Kinywa kilikauka, mikono ikatetemeka, nikawa natembea kama bibi kizee bila kupunga mikono. Nilinenepa mpaka pete ikakwama. Kelele za dunia zilikuwa palepale, ila mimi nilikuwa mbali, siwezi hata kuzikimbia. Saida akaacha kuniletea daftari zake. Alimpelekea baba yake.

Kisha hedhi ikakatika, na siku moja nikiwa nafua, nikaona kifua changu kimelowa. Maziwa. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga. Akaona kabla sijajifunika, akasimama, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

"Wewe! Na hukusema!" Akanikumbatia. Ilikuwa mara ya kwanza kunikumbatia tangu niolewe, nami nikakakamaa kama mti, naye hata hakujali. Kesho yake akaja na sufuria ya njahi, maharagwe meusi ambayo huku kwetu mama mzazi hulishwa, akakaa kuhakikisha namaliza. Rajabu alitembea sokoni akicheka peke yake. Sikuwa na nguvu ya kukataa furaha yao, na kusema kweli nilianza kuiamini.

Hospitalini wakapima. Hakukuwa na mimba. Muuguzi akaeleza kwamba dawa huweza kumfanya mwanamke atoke maziwa hivyo. Alieleza kwa upole, lakini mama mkwe alikuwa ameshasikia alichosikia.

"Hata mimba yake ni ya uongo," akasema tulipofika nyumbani. Alikuwa analia. Watu wakisimulia habari hii hawasemi kwamba alilia, ila mimi nilimwona. Baada ya siku chache akamwita Rajabu Kiuu, akamwambia kuna msichana wa ukoo, mchangamfu, anajua kupokea wageni. Hakusema niachwe. Alisema aongeze mke.

Rajabu aliporudi aliniambia yote, kwa sababu si mtu wa kuficha. Nikamuuliza, "Utaoa?"

Akakwaruza tope kwenye kiatu ambacho hakikuwa na tope. "Sijui, Zaituni. Nimechoka kukuelezea kwa watu, na mimi mwenyewe sijui naeleza nini."

Sikumlaumu. Hata mimi sikujua. Lakini maneno yale ndiyo yaliyoniinua. Kupona sikukutumainia tena. Nilitaka jambo moja tu, mtu aniambie mimi ni nini, ili Rajabu awe na kitu cha kueleza.

Mvua za vuli zilipoanza, Wanjiru alikuja kunitafuta. Alisikia naumwa. Akanitazama kuanzia kichwa hadi miguu, akasema, "Ngai! Wamekufanya nini? Vaa viatu, tunaenda kwa dadangu, kule Ngoingwa. Huko hakuna watu wengi."

Dada yake, Mama Wairimu, alikuwa na nyumba ya mawe na shamba dogo la migomba nyuma. Alikuwa na binti wa miaka saba, Wairimu, ambaye haongei. Nilipoingia, mtoto alikuwa sakafuni anapanga vifuniko vya soda kwa rangi. Sikuambiwa kitu. Nikakaa sakafuni kando yake kwa sababu pale ndipo palikuwa pazuri zaidi chumbani, mbali na dirisha, nami nikaanza kumsogezea vifuniko vya kijani. Hakunitazama, nami sikumtazama. Wale dada wawili waliongea mambo yao huku Mama Wairimu anamenya viazi.

Ghafla jirani akafungulia redio kwa nguvu. Wairimu akaziba masikio na viganja, akainamisha kichwa magotini. Nilipoinua macho, Mama Wairimu alikuwa ameacha kumenya, kisu kiko hewani. Hakuwa anamtazama mtoto wake. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimeziba masikio na viganja, kichwa kiko magotini.

"Wewe," akasema polepole, "unafanyanga hivyo tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na ukiwa mdogo uliongea mapema?"

"Mama anasema nilichelewa."

Akageukia Wanjiru wakasema kwa Kikuyu, haraka. Kisha akanirudia. "Kuna daktari mama wa chuo kikuu anaona Wairimu. Jumamosi anakuwanga mtaa wa Kahawa Wendani. Mimi si daktari, sitaki kukudanganya. Lakini hebu enda umwone."

Daktari Nyambura alikodi chumba cha juu, juu ya duka la vitabu la wanafunzi. Pale nje kwenye korido palikuwa na benchi fupi, la chini, lililotengenezewa watoto. Nililikalia na magoti yangu yakafika karibu na kidevu. Mama mmoja akaja na mapacha, akaniuliza, "Wako yuko wapi?" Nikasema, "Nani?" Akasema, "Mtoto." Nikasema, "Ni mimi." Akafikiri sijaelewa. Nikaona aibu, karibu niteremke ngazi niende zangu. Yule mama akasogeza watoto wake, akanipa nafasi ya kunyoosha miguu. Hakuuliza tena. Sikumjua jina, na bado namwombea.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sweta limetoboka kiwiko. Aliponiona nakunja uso alizima taa, akafungua pazia. Hakuna daktari aliyewahi kunizimia taa.

"Niseme ukweli," akasema. "Mimi naona watoto. Mtu mzima sijawahi kumpima, na hapa nchini sijui nikutume kwa nani. Vipimo nilivyo navyo ni vya watoto. Ukikubali hivyo, tutajaribu pamoja."

Nikakubali. Nilirudi Jumamosi nyingi. Aliuliza mambo ambayo sikujua ni ya kuulizwa: chakula gani siwezi kukishika mdomoni, nikisalimiwa nafikiria nini, nikiwa peke yangu nafanya nini na mikono. Nilipomweleza lile swali la sauti, aliweka kalamu chini, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akaniomba msamaha kwa kucheka. Hata mimi nilicheka. Akazungumza na daktari wa hospitali, na yule kijana, nashukuru, alisikiliza. Wakanipunguzia dawa kidogo kidogo, huku wananitazama. Nakuomba usiache dawa ghafla kwa sababu umesoma mahali habari za mtu kama mimi.

Mwishowe Daktari Nyambura akasema, "Sasa nahitaji aliyekuona ukiwa mdogo. Bila huyo nitakuwa nakisia."

Mama yangu alikataa.

"Nikaseme nini?" Alikuwa anakanda unga wa mandazi na hakuinua kichwa. "Kwamba nilizaa mwenda wazimu? Watu wa Majengo wamesahau, Zaituni. Wewe unataka kuwakumbusha."

"Wamesahau nini?"

"Toka kwangu. Mafuta yanaungua."

Kiangazi kizima alikataa. Nilimwendea mara nyingi, akanilisha, akaniuliza habari za Saida, na nikitaja Wendani anasimama kwenda kutazama mafuta. Nikaanza kujiambia basi, imetosha.

Aliyekwenda ni Rajabu. Hakuniaga. Alifunga kibanda chake siku ya soko, siku ambayo hafungi hata akiwa na homa, akaenda Thika peke yake. Alichomwambia mama sijui mpaka leo, nao wote wawili hawataki kusema. Jumamosi iliyofuata mama alikuwa mlangoni kwangu asubuhi, buibui limepigwa pasi, mkoba kwapani.

"Twende kabla sijabadilisha nia," akasema.

Kwa daktari alikaa ukingoni mwa kiti. Mwanzo alijibu neno moja moja. Kisha daktari akamuuliza, "Alijifunzaje kusalimia?" na kitu kikafunguka.

"Nilimfundisha," mama akasema. "Kama unavyofundisha wimbo. Nyuma ya nyumba, watu wasione. Naweka sufuria kwenye kigoda, namwambia huyu ni shangazi, msalimie shangazi. Anasalimia sufuria. Nambadilishia, huyu ni mjomba. Mwaka mzima, daktari. Akijua vizuri ndio namtoa nje." Akavuta pumzi. "Sokoni alikuwa analia mpaka anatapika. Nilimbeba mgongoni na kanga juu ya kichwa chake mpaka akawa mkubwa, miguu inaning'inia, wanawake wananicheka. Shule ya chekechea walimrudisha. Babake akasema ni upande wangu wa ukoo, akaenda zake Nakuru. Nikanyamaza. Nikasema nitamfundisha kila kitu mpaka asijulikane."

Nilikuwa nimekaa kando yake. Zile sufuria nilizikumbuka. Miaka yote niliamini ulikuwa mchezo wetu.

Mama akamtazama daktari usoni. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Nilimkosea wapi?"

"Hukumkosea," Daktari Nyambura akasema. "Alizaliwa hivyo. Na ulichofanya nyuma ya nyumba ndicho tunachowafundisha wazazi hapa."

Mama akajifunika uso kwa ukingo wa buibui. Alilia bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. Mimi sijui kumshika mtu anayelia. Niliweka mkono wangu juu ya mkoba wake, nikauacha hapo. Baadaye aliniambia alijua maana yake.

Ndipo daktari akaniambia. Alilisema lile neno kwa Kiingereza, otizimu, nikamwomba alirudie. Siku hizi nasikia kwa Kiswahili wanaita usonji. Akasema anaamini hivyo kwa moyo wote, lakini hana karatasi ya kunipa ambayo ofisi yoyote ingeikubali. Akasema tena kwamba hili si ugonjwa na haliponi, kwa hiyo nisimtafute wa kuniponya.

Watu huniuliza kama nilifurahi. Nilisikia njaa. Tuliteremka, tukaingia kibanda cha wanafunzi, tukala chapati na maharagwe, mimi nikala na nusu ya sahani ya mama. Furaha ilikuja baadaye, na kabla yake zilikuja hasira. Nililia kwa ajili ya miaka ile, kwa mtoto aliyesalimia sufuria, kwa mwili wangu uliotoa maziwa bila mtoto. Hasira hizo zilikaa kwangu masika yote. Zikikujia nawe, ziache zikae. Zinachoka zenyewe.

Rajabu nilimweleza sokoni, viatu vikituzunguka. Akasikiliza mpaka mwisho, akajaribu kulisema lile neno, likamshinda, akalijaribu tena. "Basi nitawaambia hivyo," akasema. Habari za mke wa pili hakuzitaja tena, nami sikuuliza.

Mama mkwe aliuliza, "Kuna dawa?"

"Hakuna, Mama."

"Sindano?"

"Hakuna."

"Sasa mlienda kufanya nini huko?"

Nadhani alikuwa na haki ya kuuliza. Hakubadilika ghafla. Hakunitaka radhi, wala sikungoja. Mimi nilianza kushona sweta za shule nyumbani, kwa cherehani ya mkono isiyopiga kelele. Saida alirudi na daftari zake. Nilijifunza kumwambia mtu, "Naomba tuongelee nje, humu taa inanisumbua," na nikagundua wengi wanakubali tu, wanatoka nje.

Idd iliyofuata ukoo wote ulikuja kwetu Ruiru. Tulikuwa tumepatana na Rajabu: nitapokea wageni, nitapakua pilau, kisha nitaingia chumbani nifunge mlango, naye atawaambia napumzika, bila maneno mengi. Nilifanya hivyo. Nikakaa kitandani gizani kidogo, pazia limeshushwa, nasikia sebule inavyovuma kwa vicheko, vijiko na watoto.

Mlango ukafunguka. Alikuwa mama mkwe. Nikajiweka tayari kwa yale anayosema siku zote, kwamba wageni wameuliza mwenye nyumba yuko wapi. Akasimama pale, mkono kwenye kitasa, akinitazama. Kisha akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akavua viatu, akapangusa jasho shingoni kwa mtandio.

"Wanapiga kelele hao," akasema. "Sogea."

Nikasogea.